Mtoko wa peke yangu Dar: ninavyoupanga

Mtoko wa peke yako huharibikia kwenye meza ya chakula. Njiani hakuna shida, kwa kuwa Dar es Salaam watu wengi wanatembea wenyewe na hakuna anayekushangaa. Tatizo ni pale umeshakaa, sahani haijaja na mikono haina kazi. Simu inatoka mfukoni, na ikishatoka mtoko umekwisha: unaangalia status za watu, sema tu umelipia kiti. Ndiyo maana mimi napanga chakula kwanza, halafu ndipo nachagua pa kwenda.

Saa ya kula ni muhimu kuliko mahali. Pale Posta, katikati ya jiji, mama lishe na migahawa midogo hujaa kuanzia saa sita na nusu hadi saa nane, wafanyakazi wanapotoka maofisini. Ukifika saa hizo utachangia meza na watu watatu wanaomsengenya bosi wao, na kuna mwingine amesimama nyuma yako anasubiri umalize. Saa tano na nusu chakula ndiyo kimeiva na meza ni yako. Nikichelewa nasubiri mpaka saa nane na nusu, huku nikijua samaki wazuri wameshachukuliwa. Jumamosi mchana siwategemei mama lishe wa Posta, kwa sababu wateja wao ni watu wa ofisini na wengi hawapiki ofisi zikifungwa. Ijumaa baada ya swala, penye biriani nzuri hutapata kiti.

Nakaa mgongo ukutani, uso barabarani. Mhudumu akiuliza "mko wangapi?" najibu "mmoja" na kuagiza hapo hapo kinywaji na chakula kwa pamoja. Ukisitasita anajua unamsubiri mtu, anaondoka, na kumpata tena ni kazi. Chagua chakula cha kipimo cha mtu mmoja. Nyama choma huuzwa kwa kilo, kwa hiyo uliza kama wanakata robo; wakisema mwisho ni nusu, hamia kwenye mishkaki, maana inahesabika kwa kijiti. Kuku ni robo. Samaki mzima wa kukaanga ndiye ninayempenda zaidi kwa shughuli hii: miiba inakulazimisha kula polepole, na mkono wenye mafuta haushiki simu.

Kwenda msalani ukiwa huna mwenzako nako kuna utaratibu wake. Nabeba kipochi cha kuvaa mwilini, siyo begi la kuning'iniza kwenye kiti. Naacha mezani chupa ya maji iliyofunguliwa, namwambia mhudumu "narudi". Bila hivyo utakuta meza imefutwa na wameketi watu wengine.

Akija kaka na "dada, mbona mwenyewe?", najibu "leo nimejitoa, kaka" na kurudi kwenye kitabu. Sidanganyi kwamba kuna mtu anakuja. Uongo huo unampa sababu ya kukaa "akusindikize" mpaka huyo mtu afike.

Kuhusu pa kwenda, nina mitoko ya aina mbili na siichanganyi siku moja. Wa mjini ni Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, jirani na bustani ya mimea. Ukitaka kuona kila kitu utatoka umechoka na hukumbuki chochote. Chagua sehemu moja ukae nayo saa nzima: historia ya binadamu, pamoja na habari za fuvu la Zinjanthropus ambalo Mary Leakey alilipata Olduvai mwaka 1959, au magari ya zamani ya viongozi. Soma maelezo yote ya kitu kimoja kabla ya kuhamia kingine. Ukibaki na muda, shuka Kivukoni uvuke na pantoni kwenda Kigamboni na kurudi, kwa nauli ndogo sana. Usivuke saa kumi na moja jioni siku ya kazi, labda kama unapenda kusukumwa.

Mtoko wa pili ni Coco Beach, na huu unapangwa kwa maji. Wengi huenda saa yoyote, wakikuta mwamba mtupu wanasema ufukwe mbaya. Ukifuata mwezi mwandamo hesabu ni rahisi. Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, pamoja na siku mbili tatu zinazofuata, ni bamvua: maji hutoka sana mnamo saa nne asubuhi na kujaa sana mnamo saa kumi jioni. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika kama 50, hivyo baada ya wiki moja mambo yamegeuka, maji yanajaa asubuhi, tena hayajai sana. Nikitaka kutembea na kuangalia vidimbwi kwenye mwamba naenda asubuhi ya bamvua na viatu vya kulowa. Nikitaka kukaa na kusoma naenda jioni yake. Siogelei nikiwa peke yangu, naishia magotini. Jumapili siendi, ni siku ya familia na muziki, nzuri kwa wanaokwenda kundi.

Pale nanunua dafu, na hapa usiseme tu "nipe dafu". Sema unataka la maji au la nyama. Muuzaji huligonga kwa ubapa wa panga na kulitikisa. Likisikika maji yanacheza ndani limeanza kuwa koroma, nyama yake ngumu na maji yake yamepungua utamu. La maji linajaa pomoni na halilii. Ukimaliza kunywa mrudishie alipasue, naye atakuchongea kijiko kwenye ganda. Dafu moja na mihogo ya kuchoma yenye kachumbari na pilipili ni nusu saa nzima ya kazi ya mikono.

Hela nagawa kabla ya kutoka: noti za elfu moja na elfu mbili kwenye kipochi, nauli ya kurudi mfuko mwingine. Noti ya elfu kumi asubuhi itakusimamisha dakika kumi ukisubiri chenji. Simu naiweka hali ya ndege baada ya kumtumia ndugu mmoja ujumbe wa nilipo na saa ya kurudi. Sishiki simu kando ya barabara, bodaboda wanapora. Jua Dar huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasoro robo, kwa hiyo saa kumi na mbili kamili naita bajaji nikiwa bado nimekaa, na nalipa bili kabla bajaji haijafika.