Taa iliyowaka magharibi tu

Mwalimu alishuka kwenye gari na kikapu cha ukindu, nikadhani kaniletea machungwa ya Muheza. Kumbe ndani mna koili nne, plagi nne na sensa moja ya krenki, vimefungwa gazeti kama samaki wa kukaanga.

"Shikamoo fundi. Hivi ndivyo walivyonitolea. Na taa ya injini kwenye dashibodi bado inawaka."

Marahaba. Nikamwambia aketi.

Gari ni Toyota Fielder, injini ya 1NZ-FE, ile ile iliyojaa mjini kwetu Tanga kuanzia teksi hadi magari ya harusi. Ugonjwa wake kwenye karatasi: injini inamisi, yaani kuna silinda ambayo petroli yake haiwaki kwa zamu yake. Gereji ya kwanza ilipima ikaona kodi ya kosa P0302, misi ya silinda ya pili, wakabadilisha plagi zote na koili ya pili (koili ndiyo huipa plagi umeme wa cheche). Taa ikarudi. Gereji ya pili ikaona P0303, silinda ya tatu, pamoja na P0300, misi isiyotaja silinda moja, wakabadilisha koili tatu zilizobaki, wakaosha nozeli za petroli, wakaweka na sensa mpya ya krenki. Taa ikarudi. Ya tatu ikamwambia injini ifunguliwe. Hapo ndipo mtu akamwambia kuna mzee mmoja Ngamiani, zamani alikuwa fundi redio, sasa anashika umeme wa magari.

Ndiyo mimi. Nilianza na redio kaseti, enzi mtu analeta redio imefungwa kanga na anakaa pembeni hadi imalizike. Simu zilipoiua kazi ile nikahamia kwenye magari. Watu wa injini hunitania kwamba mimi nasikiliza gari badala ya kulitengeneza. Si uongo.

Nilimuuliza Mwalimu maswali matatu kabla sijafungua boneti. Taa ikiwaka, gari linatetemeka? Hapana. Linakosa nguvu mlimani? Hapana, linavuta kama kawaida. Huwaka saa ngapi? Akafikiri kidogo. "Nikirudi nyumbani. Asubuhi haijawahi kuwaka." Anafundisha Tanga mjini, analala Muheza. Jioni huwapitisha walimu wenzake wawili, anamshusha mmoja njiani, Pongwe, na mara nyingi taa huwaka hapo hapo, gari limesimama, yule mwenzake anatafuta mwavuli wake kiti cha nyuma. Mafundi waliopita walimpa sababu zao: injini imeshika joto la kutwa, mafuta ya mjini, unyevu wa jioni. Hakuna aliyemuuliza jioni kuna nini ambacho asubuhi hakipo.

Sasa hapa lazima nieleze kitu, maana ndicho kilichomla Mwalimu fedha. Kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, haina jicho ndani ya silinda. Haioni kama petroli imewaka au haikuwaka. Inachofanya ni kuhesabu meno. Kwenye krenki ya injini hii, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, kuna gurudumu lenye nafasi 36 za meno, na meno mawili yameachwa makusudi ili boksi ijue mzunguko unaanzia wapi. Kila jino ni digrii 10. Injini ikiwa sailensi, yaani inaunguruma bila kukanyagiwa mafuta, tuseme mizunguko 700 kwa dakika, mzunguko mmoja huchukua sekunde 0.086 hivi, na toka jino hadi jino ni kama sekunde 0.0024. Silinda ikiwaka vizuri, krenki inasukumwa na meno yanawahi. Isipowaka, meno yanachelewa kidogo sana. Boksi inaona kuchelewa huko, inatazama zamu ilikuwa ya nani, inaandika jina lake.

Kwa hiyo P0302 haisemi "silinda ya pili haikuwaka". Inasema "nilipokuwa nahesabu, zamu ya silinda ya pili, hesabu haikulingana". Ni kauli ya shahidi aliyekuwa nyuma ya ukuta, anasikia tu. Na ukuta wenyewe ni waya mbili nyembamba zinazotoka kwenye sensa.

(Ndiyo maana pia gari likipita barabara mbovu magurudumu hurudisha mtikisiko hadi kwenye krenki, na boksi inaweza kudhani ni misi. Watengenezaji wanalijua hilo. Magari mengi hutumia sensa za magurudumu za ABS kugundua kwamba njia ni mbaya na kusitisha hesabu kwa muda. Umeme wa kuvamia kutoka waya za jirani hauna sensa yake.)

Kitu cha kwanza nilichofanya ni kulitia gari ugonjwa wa kweli. Nikachomoa soketi ya koili ya pili, nikaliwasha. Injini ikaruka kama mashine ya kusaga iliyomeza kokwa, ekzosi ikawa inakohoa, harufu ya petroli ikatoka. Nikamwita Mwalimu aweke kiganja kwenye mlango. "Hii ndiyo misi. Umewahi kuisikia hivi?" Hajawahi. Nikazima upesi, kwa sababu petroli isiyowaka huenda kuunguzwa ndani ya katalisti, kisafisha moshi cha kwenye ekzosi, na kuichemsha hadi ikaharibika; usifanye jaribio hili kwa dakika kumi huku unaongea na simu.

Kisha nikarudisha soketi, nikafuta kodi, nikachomeka mashine ya kupimia kwenye ukurasa unaoonyesha hesabu ya misi kwa kila silinda. Sifuri, sifuri, sifuri, sifuri. Nikaliacha likinguruma robo saa. Sifuri zote. Nikaanza kuwasha kimoja kimoja, nasubiri dakika mbili mbili: feni ya ndani, kiyoyozi, waipa, redio, kikausha kioo cha nyuma. Sifuri. Nikawasha taa kubwa za mbele.

Silinda ya tatu: 2. Silinda ya pili: 1. Ya tatu: 5. Ya nne: 1. Na injini imetulia kama maji mtungini.

Mwalimu alikuwa amesimama nyuma yangu. Akasema tu, "Aah."

Taa zenyewe zilikuwa zenoni za kufunga, zile nyeupe za buluu, zinazowapofusha madereva wote kutoka Tanga hadi Segera. Nina ugomvi nazo wa siku nyingi, lakini ugomvi si ushahidi. Pengine ilikuwa mzigo tu: taa zinakula umeme, alteneta inaelemewa, volti zinashuka. Basi nikachomoa balasti, kile kisanduku kinacholisha zenoni, nikaweka balbu za kawaida za wati 55. Hizi zinakula umeme mwingi kuliko zenoni za wati 35. Kama shida ni mzigo, hesabu ingepanda zaidi. Ikawa sifuri. Nikarudisha zenoni, hesabu ikaanza tena. Hapo nilijua nawinda kelele.

Taa ya zenoni haina waya unaong'aa. Ndani yake mna gesi, na balasti huishtua kwa umeme wa zaidi ya volti 20,000 ili iwake, kisha huishikilia kwa volti 85 hivi zinazogeuka geuka. Kufanya hivyo kutoka betri ya volti 12 balasti inakata umeme vipande vipande, maelfu kwa maelfu ya mara kwa sekunde. Balasti nzuri inazuia fujo hiyo isitoke nje. Ya bei rahisi ni kituo cha redio.

Na kituo cha redio kinatafutwa kwa redio. Ninayo moja ndogo ya betri mbili, nimeifunga kwa raba kwa sababu mfuniko ulipotea. Unaiweka AM, mahali pasipo na stesheni, unasikia mvumo laini. Ukiisogeza karibu na waya unaotoa kelele, inanguruma. Karibu na balasti ilipiga mluzi, hilo halikunishangaza. Nikaifuatisha wayaringi kuelekea upande wa mkanda wa alteneta. Mluzi ukapungua, ukapungua, halafu chini ya alteneta ukapanda tena. Hapo ndipo pasipokuwa na haki ya kupanda.

Nikafungua bomba la plastiki la mikunjo. Ndani, waya mbili za sensa ya krenki zilikuwa zimekatwa na kuungwa kwa kipande cha waya wa spika, mwekundu na mweusi, kama sentimita arobaini. Waya za kiwandani za sensa hii husokotwa pamoja kama ukili na kuvalishwa ngao, karatasi ya bati iliyounganishwa na ethi, kwa sababu umeme wa sensa ni mdogo na unadhurika haraka. Ngao ilikuwa imekunjwa pembeni, haijaungwa popote. Na juu ya kipande hicho hicho, kwa tepu moja, umepitishwa waya wa kulisha balasti.

Mwalimu akakumbuka. Mwaka jana alteneta ilibadilishwa mahali fulani, wakamwambia kuna waya umekatika kidogo, wameuunga. Miezi kadhaa baadaye alifunga taa kwingine. Fundi wa alteneta alijaribu gari mchana likawaka, akaliachia. Fundi wa taa alijaribu taa zikawaka, akaliachia. Sina la kuwasema sana. Waya wa spika peke yake ungevumilia. Balasti peke yake ingezuiliwa na ngao. Vilipolala kitanda kimoja ndipo kikazaliwa kitoto.

Nilichomeka osiloskopu yangu, kipimo kinachochora umeme wa waya kwenye kioo, ya Kichina, ukubwa wa kiganja. Taa zimezimwa: vilima laini, vinafuatana, kisha pengo la meno mawili, kisha vilima tena. Taa zimewashwa: vilima vile vile, vimeota nywele. Ukikanyaga mafuta vilima vinarefuka, kwa kuwa sensa ya sumaku hutoa volti nyingi zaidi krenki ikizunguka haraka, na nywele hazionekani tena. Sailensi vilima ni vifupi na nywele zinatosha kuisogeza hesabu. Pongwe, gari limesimama, mwenzake anatafuta mwavuli.

Ile sensa ya zamani kwenye kikapu niliipima: kama ohmu 1,200. Mpya hali kadhalika. Haikuwa na kosa.

Matengenezo yalikuwa ya saa mbili. Nilikwenda kwa jamaa wa skrepa nikakata wayaringi ya sensa ile ile kutoka gari lililogongwa, yenye ngao yake nzima. Nikaunga kwa risasi, kila kiungo nikakivika mpira wa kupasha moto, nikasokota hadi karibu kabisa na soketi. Ngao niliiunga ethi upande mmoja tu, upande wa boksi. Hili vijana hunibishia: kwa nini usiiunge pande zote mbili, si itakuwa imara zaidi? Ukiiunga pande zote, ngao inakuwa njia ya umeme wa bodi kupita, na unarudisha kelele kwa mlango wa nyuma. Waliowahi kuunga vipaza sauti vya msikitini au kanisani wanaijua ile "mmmm" isiyokwisha. Ndiyo hiyo.

Waya wa balasti niliuhamishia upande wa pili wa gari. Nikawasha zenoni, nikakaa dakika ishirini natazama sifuri. Halafu nikamshauri azitoe tu. Alisita, anaona vizuri nazo. Nikamwambia anaona yeye peke yake. Akacheka, akakubali balbu za kawaida.

Si kila misi ya uongo ni ya taa. Nimewahi kukuta Noah iliyofungwa plagi zisizo na herufi R kwenye namba yake; R ni kizuizi cha ndani, kama ohmu 5,000, kinachotuliza cheche isitapakae hewani. Nimekuta diodi ya alteneta imekufa. Ukiweka mita kwenye AC juu ya betri na injini inanguruma, ukaona zaidi ya nusu volti, anza na alteneta. Na kabla ya yote hayo safisha bolti za ethi, ni kazi ya dakika kumi na haina hasara. Lakini hakikisha kwanza injini haimisi kweli. Mara nyingi inamisi kweli.

Kikapu Mwalimu alikiacha, akasema hataki kukiona. Koili zote nne ni nzima. Moja nimeifunga wiki hii kwenye IST ya jirani, ambayo yake ilikuwa imepasuka hasa, na gari lilikuwa likitetemeka hasa. Sikumtoza. Machungwa niliyapata Jumamosi.