Siku yangu moja na unga mweusi wa sumaku

Saa 2 asubuhi. Kabla sijagusa kemikali yoyote nafungulia naitrojeni ipite kwenye maji yaliyokenekwa kwa nusu saa, iondoe oksijeni. Wapo wanaoiruka hatua hii. Mimi sithubutu: magnetiti, yaani oksidi nyeusi ya chuma (Fe3O4) ninayoitengeneza, ikikutana na oksijeni hugeuka taratibu kuwa maghemiti, oksidi nyingine ya chuma iliyo kahawia, na usumaku wake hupungua.

Saa 3. Mizani. Kloridi ya chuma (III) gramu 5.41, kloridi ya chuma (II) gramu 1.99, yaani atomi mbili za chuma (III) kwa moja ya chuma (II), kama chuma kilivyopangwa ndani ya Fe3O4. Ile ya kwanza hunyonya unyevu wa hewani na kunata kwenye kijiko, kwa hiyo mkono uwe mwepesi. Ya pili naikagua rangi. Kijani hafifu ni nzima. Ikianza unjano imeshaoksidika, na uwiano wangu unabaki wa karatasini tu.

Saa 4 kasoro robo. Kloridi zote mbili zimeyeyuka kwenye maji yale, na joto limefika nyuzi 80. Natumia kikorogeo cha mapanga kinachoingia kwa juu, maana kile kipande cha sumaku cha kuzungukia chini ya chupa kingevamiwa na chembe zote. Kisha amonia. Kufumba na kufumbua, rangi ya machungwa imekuwa nyeusi. Nimeliona hili mara nyingi, na bado huacha kila kitu nikatazama. Haraka hiyo ndiyo faida ya njia hii na ndiyo tabu yake: unapata chembe nyingi, ila hazilingani ukubwa. Anayetaka zilingane huchemsha misombo ya kikaboni ya chuma kwenye kiyeyusho kizito, nyuzi 300 hivi.

Saa 5 hadi saa 7, kuosha. Sumaku ubavuni mwa bika, weusi wote unahamia upande mmoja, namwaga maji, naongeza mengine. Mara tano.

Saa 8 mchana. Magnetometa, kifaa kinachochora usumaku wa sampuli kadiri uga wa sumaku wa nje unavyoongezwa na kupunguzwa, na sampuli ya juzi iliyokaushwa kwenye ombwe. Mstari unapanda, unapinda, unatulia kwenye emu (kipimo cha usumaku) 63 kwa gramu. Unaporudi unapita sifuri penyewe! Hicho ndicho nilichokitafuta. Eksirei ilinipa ukubwa wa nanometa 11, na kwa udogo huo joto la chumba pekee latosha kugeuzageuza usumaku wa kila chembe. Ukiondoa uga wa nje, jumla inakuwa sifuri na chembe hazivutani zikagandamana. Bila tabia hiyo ni vigumu kuzitumia mwilini, mathalani kuboresha picha za MRI. Magnetiti ya kipande kikubwa hufika emu 92 hivi. Louis Néel alieleza mwaka 1948 kwamba humo ndani makundi mawili ya spini, yaani visumaku vidogo vya atomi, yanapingana bila kulingana nguvu, na ziada ndiyo sumaku tuipatayo. Kwenye chembe ndogo, atomi za kwenye uso wa chembe zimekosa majirani, spini zao zinakaa ovyo, na ziada inapungua.

Saa 10. Sampuli niliyoikausha wiki jana kwenye oveni yenye hewa. Kahawia. Emu 49. Eksirei haikunisaidia, kwani mistari ya magnetiti na maghemiti inakaribiana mno. Macho ndiyo yaliyogundua kwanza. Kesho naipima kwa spektroskopia ya Mössbauer, inayotofautisha chuma (II) na chuma (III).

Saa 12 jioni. Bechi ya leo iko kwenye ombwe, pampu inanguruma. Kupitia kioo unga ungali mweusi tii.