Nilivyogawa Tuzo za Kikosi cha Ukakamavu kwa Punje za Buni

Tangu nilipostaafu jeshini nikiwa na cheo cha sajini, nafundisha kikosi cha ukakamavu cha shule moja ya sekondari hapa Moshi, na hakuna kazi iliyowahi kunitoa jasho kama kugawa tuzo za mwisho wa mwaka. Kwata hufundishika. Lakini simama mbele ya vijana 42, wazazi wao wakiwa wameketi chini ya turubai, utamke kwamba huyu ni bora kuliko yule, ndipo utakapojua kama ulichokuwa ukikipima kina maana yoyote.

Mwaka wa kwanza nilifuata nilichokizoea. Nilipokuwa kuruta Oljoro, kule Arusha, siku ya kufunga mafunzo waliofanya vizuri waliitwa mbele ya mgeni rasmi, nasi tuliobaki mstarini tukawapigia makofi bila kinyongo, kwa sababu wote tulilala hanga moja, tukala maharage yale yale na kuamshwa kwa filimbi ile ile. Sikutambua kwamba usawa huo ndio ulioipa tuzo uzito wake. Shuleni nikakagua buti, pasi ya suruali na kuwahi mstarini, nikajumlisha alama, na kikombe kikaenda kwa kijana anayeishi hatua chache kutoka getini, ambaye buti zake, kama nilivyokuja kuambiwa baadaye, zilikuwa zikipigwa kiwi na dada wa kazi.

Masika yaliyofuata, asubuhi moja, nilimwona kijana wa Kibosho, kule mlimani, akiteremka pekupeku, tope hadi magotini, buti zake akiwa amezifunga kwa majani makavu ya mgomba na kuzibeba kichwani. Alinawa miguu kwenye bomba la nyuma ya jiko, akafungua majani yake taratibu kama mtu anayefungua zawadi, akavaa, akaingia mstarini akiwa amechelewa dakika nne. Kwa dakika kama hizo nilikuwa nimemkata alama mwaka mzima. Nilijiona mdogo kuliko punje ya ulezi.

Nilipolileta jambo hili kwa walimu, mmoja wao alinishauri kwa kujiamini kabisa: "Afande, mpe kila mtoto medali. Wazazi wataridhika, nawe utalala usingizi." Nikamsikiliza, na hadi leo najilaumu. Nilichongesha medali za bati kwa fundi wa mjini, moja kama shilingi elfu tatu au tatu na nusu. Mke wangu anasisitiza kwamba ilikuwa zaidi. Hata wiki haikuisha. Nikiwa naelekea dukani kwa njia ya uani, nilimkuta mbuzi wa jirani amefungwa kwenye mparachichi, shingoni ana medali yangu na utepe wake wa bluu. Kijana aliyemvisha hakuona haya hata kidogo. "Afande, na yeye hajakosa zoezi hata moja, kila siku yupo pale pembeni mwa uwanja." Nilitaka kumpa adhabu, nikashindwa, kwa kuwa kwa kipimo changu mwenyewe mbuzi yule alistahili. Nikakumbuka kwamba jeshini ipo Nishani ya Utumishi Mrefu na Tabia Njema, na hayo maneno mawili ya mwisho hayakuwekwa kwa kujaza nafasi.

Suluhisho nililipata kwa swali la binti mmoja. Nilikuwa nikiwasimulia jinsi Luteni Alexander Nyirenda alivyosimika bendera na Mwenge wa Uhuru kileleni mwa Kilimanjaro mwezi Desemba 1961, naye akaniuliza: "Afande, na waliopanda naye, wao walipewa nini?" Sikulala vizuri usiku ule. Wanaojua nani alibeba mzigo ni wale waliokuwa njiani. Mkaguzi anayesubiri uwanjani huona buti tu.

Basi nikapanga makopo ya maziwa ya unga stoo, kila kopo na jina lake, nikampa kila kijana punje tatu za buni na swali moja: ukipangwa lindo la saa nane usiku katika baridi ya Julai, ungependa nani awe mwenzako? Hakuna kumpigia mtu wa sekisheni yako, yaani kundi lako dogo ndani ya kikosi. Sikuuliza nani bora, maana ukiuliza hivyo watakutajia mwenye sauti kubwa. Mlangoni zilitoka punje 126. Nilipohesabu makopo, nikakuta 171! Nilikuwa nimesahau kwamba niko Moshi, mahali ambapo nyumba nyingi za mlimani hazikosi buni. Tukarudia wiki iliyofuata, safari hii kila punje nikiwa nimeipaka rangi ya kucha ya mke wangu, nyekundu, kazi iliyonichukua jioni nzima huku wajukuu wakinicheka. Zikarudi 125. Moja naamini imo mfukoni mwa mtu hadi leo.

Aliyeongoza ni binti wa kidato cha pili ambaye hata sasa, kwenye kwata, hutupa mkono wa kulia pamoja na mguu wa kulia badala ya kuvipishanisha. Tuzo ya kwata niliiacha peke yake, akaipata anayeijua kwata. Kuchelewa nikakufuta kabisa katika alama za wanaotoka mbali. Kijana wa Kibosho alishika nafasi ya nne, na ingawa nilishawishika kumbunia tuzo ya huruma, nilijizuia. Angeijua mara moja.

Siku moja kabla ya sherehe, baba wa yule bingwa wa mwaka wa kwanza alinijia na mkungu wa ndizi, "za watoto tu, Afande." Nikamshukuru, nikaupeleka jiko la shule, na kikosi kizima kikala. Kesho yake sikusoma alama za mtu yeyote. Kwa kila tuzo nilisoma tukio moja tu, na la binti yule lilikuwa hili: tulipokwenda Marangu kwa miguu alibeba begi la mwenzake aliyeteguka kifundo, na hakumwambia mtu. Aliyeanza kupiga makofi ni huyo mwenye kifundo.

Kikombe chenyewe ni cha kurudishwa. Mwezi uliopita mama wa binti yule alikileta, amekisugua kwa majivu hadi kinang'aa, na ndani yake mlikuwa na punje moja ya buni, nyekundu.