Nilivyoachana na mtungi wa nitrojeni

Mtungi wangu wa nitrojeni uliisha Jumanne, na muuzaji akaniambia mwingine ungechukua wiki tatu kufika Arusha. Nilikuwa Tengeru, katikati ya kazi ya kutengeneza polima (minyororo mirefu ya molekuli ndogondogo ziitwazo monoma) ya kushikilia unga wa kuchujia floraidi, ile inayoharibu meno ya watoto katika vijiji vingi vinavyozunguka Mlima Meru. Wiki tatu sikuwa nazo.

Polima yangu natengeneza kwa njia ya RAFT, mbinu ya kukuza minyororo hiyo kwa mpangilio, iliyotangazwa na watafiti wa Australia mwaka 1998. Anayejua kunywa mbege ataielewa upesi. Kata inazunguka: unapiga funda, unampa jirani, naye anampa mwenzake, hivyo hakuna anayelewa peke yake. Radikali, yaani elektroni pweke yenye uchu wa kuungana, ndiyo kata. Mnyororo unaoishika huongeza monoma chache kisha huuachia mwingine, na kiungo cha salfa chenye rangi ya njano ndicho kinachosimamia kupokezana huko. Ndiyo maana minyororo hukua karibu sawasawa.

Oksijeni ni mlevi anayevamia kikao na kuinyakua kata. Kwa hiyo desturi ni kupuliza nitrojeni kwenye mchanganyiko kwanza mpaka oksijeni itoke. Mimi sasa sikuwa na cha kupuliza.

Nilichokuwa nacho ni vimeng'enya viwili kwenye friza. Cha kwanza, glukosi oksidesi, hula glukosi pamoja na oksijeni iliyoyeyuka majini, kikaacha haidrojeni peroksidi. Cha pili ni peroksidesi, inayotolewa kwenye mzizi wa horseradish. (Huo ni mmea wa Ulaya, tafadhali msiuchanganye na mlonge wetu ingawa Waingereza wameupa mlonge jina linalofanana.) Peroksidesi huitumia ile peroksidi kung'oa elektroni kwenye kimiminika kiitwacho asetiliasetoni, na hapo inazaliwa radikali ya kuanzisha minyororo. Taka ya kimeng'enya kimoja ni chakula cha kingine! Tena kazi yote inafanyika kwenye joto la chumba, bila beseni la maji moto, jambo kubwa kwa mtu anayekatiwa umeme.

Mara ya kwanza nilishindwa kabisa. Nilipokuja asubuhi maji yalikuwa maji, na ile njano imefifia karibu yote. Nilidhani nimekosea vipimo, nikarudia, ikawa vilevile. Fundi wetu wa maabara, dada mmoja mtulivu sana, akaniuliza, "Kaka, hiyo peroksidesi uliiyeyusha lini?" Wiki iliyopita, nikamjibu, na wikendi umeme ulikuwa haupo. Tulitia tone lake kwenye gwayakoli, kemikali ya kupimia peroksidesi, na peroksidi kidogo. Kimeng'enya kizima hugeuza mchanganyiko huo kuwa hudhurungi. Hiki hakikugeuza chochote. Kilikuwa kimekufa, peroksidi ikarundikana bila mlaji na kukitafuna kiungo cha salfa.

Tangu siku hiyo nayeyusha kiasi cha siku moja tu, na jaribio la gwayakoli nafanya kila asubuhi kabla ya kugusa monoma. Vichupa navijaza hadi mdomoni na kuvifunga, kwa sababu hewa inayobaki juu inaingia upya majini, na glukosi oksidesi inachoka kuifukuza. Kutikisa nimeacha pia. Nachanganya mara moja, taratibu, basi.

Jaribio la nne liliniamsha alfajiri. Niliinamisha kichupa na mchanganyiko ukatiririka polepole kama asali, njano yake ikiwa palepale. Nikaongeza monoma mpya na glukosi, nikafunga tena. Jioni sampuli ikachukua muda mrefu zaidi kupita kwenye kipimo cha mnato, maana minyororo ileile ilikuwa imeamka na kuendelea kurefuka. Nilimwita dada aje aone kwa macho yake.

Mtungi mpya ulifika baadaye. Nimeuegemeza ukutani, haujafunguliwa.