Ya kurushia au ya kupokelea?

Juzi kaka mmoja wa usharika wa jirani kanitumia voisi saa tano usiku, anauliza "fundi, tununue laptopu gani ya ibada ya mtandaoni kule mtaani kwetu", nikamjibu kwa swali, ya kurushia au ya kupokelea? Kimya. Kesho yake ndo akajibu, "si ni ile ile?" Sio ile ile kaka, na hapo ndo sisi tulipochoma hela mwaka wa kwanza.

Kwa msiojua mambo yetu, usharika uko mjini halafu tuna mitaa mitatu, yaani makanisa madogo yanayolelewa na usharika: mmoja Chanika, mmoja Chamazi, mmoja Kigamboni huko ndani ndani njia ya Kimbiji. Mchungaji ni mmoja. Wiki ya semina au Jumapili ambayo hawezi kufika, huku mjini tunarusha YouTube, kule mwinjilisti anaongoza ibada kama kawaida na ikifika zamu ya neno wanawasha TV.

Sasa kamati ilivyokaa, mzee mmoja akasema kazi ya Mungu tusiifanye kwa kuokoteza, wote amina, ikanunuliwa desktopu kubwa la kibabe, rami 16, kadi ya picha ya kuchezea gemu, mzigo ukaenda Chanika. Jumapili ya kwanza tu umeme ukakatika katikati ya mahubiri. Ukarudi baada ya dakika kama mbili, ila desktopu ndo kwanza likaanza kujiwasha, likakuta apdeti zinasubiri, kile kiduara kikazunguka weee mpaka mchungaji anatoa baraka kule mjini, huku washirika wanaangalia skrini ya bluu. Nguvu yote ile haikusaidia kitu. Mashine ya nguvu ni ya anayerusha, maana yeye ndo anachanganya kamera na kubana video hapo hapo. Anayepokea anafungua tu kilichobanwa.

Chamazi nao wakapewa laptopu ya msaada. "Core i5 hiyo," mtoaji akasema, na sisi tukasikia i5, jina la prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, tukatulia. Picha inaganda, mdomo wa mchungaji unaenda huku maneno yanakuja nyuma, feni inalia kama mashine ya kusaga. Kila mtu akasema ni intaneti. Tukaongeza bando, wapi. Tukanunua rauta nyingine, wapi! Ikabidi siku moja nipande daladala na laptopu yangu, nikaunga kwenye rauta ile ile, video ile ile, ikatiririka kama maji. Hapo ndo nikaigeuza ile ya msaada nikasoma namba.

Namba yenyewe ndo hii na ukishika hii tu umeshaokoa hela. Usisikilize i3 au i5, angalia tarakimu zinazofuata baada ya kistari. i5-3320M, hiyo 3 ya mwanzo inakwambia ni jenereshe ya tatu, yaani toleo la tatu, za 2012. i5-8250U ni ya nane. i5-1135G7 ni ya kumi na moja, hapo unasoma tarakimu mbili za mwanzo. Kariakoo ukiuliza jenereshe gani utaambiwa "hii mpya bosi, imetoka Dubai", we omba uwashe usome mwenyewe. Kwa nini inahusu? YouTube mara nyingi inakutumia video iliyobanwa kwa mtindo unaoitwa VP9, na chipu za Intel, ndo hao wenye i3 na i5, zilianza kuufungua VP9 vizuri zenyewe kuanzia jenereshe ya saba. Chini ya hapo prosesa inaufungua kwa nguvu za mwili, ndo ule mlio wa feni. Ukibonyeza kulia juu ya video ukachagua Stats for nerds unaona yote, kuna mstari unataja vp09, ndo VP9 hiyo, au avc1, ambayo ni mtindo wa zamani unaoitwa H.264, na kuna mstari wa fremu zilizodondoka, kama inapanda kila sekunde mashine imeshindwa, intaneti haina kosa.

Ile ya Chamazi hatukuitupa. Niliweka kwenye Chrome kidude cha bure kinaitwa h264ify, kinailazimisha YouTube kutuma H.264 ambayo hata chipu za 2011 zinaifungua bila jasho. Mpaka leo inapiga kazi. Ila kama unanunua, anzia jenereshe ya nane, kwa sababu Windows 11 nayo haitaki ya chini ya hapo, na Windows 10 Microsoft waliacha kuihudumia 14 Oktoba 2025. Rami 8 zinatosha kabisa. SSD, ile diski ya kasi isiyozunguka, lazima, hapo sibishani na mtu.

Laptopu au kale ka-desktopu kadogo kanakokaa nyuma ya TV? Mimi nilikuwa naegemea kale kadogo, ThinkCentre Tiny au OptiPlex Micro, hakaibiwi kirahisi, hakali umeme, na BIOS yake, zile setingi za kabla Windows haijawaka, unaweza kuiambia umeme ukirudi jiwashe mwenyewe. Lakini bado umeme ukikatika kanazima, kwa hiyo inabidi UPS, lile boksi la betri la kushikilia umeme, na betri ya UPS kwa joto letu na vumbi la Chanika haikai muda mrefu. Laptopu betri yake iko ndani, na rauta ya mfukoni nayo ina betri, umeme ukikatika TV inazima lakini sauti inaendelea kama kuna spika ya kuchaji, watu wanasikiliza kama redio. Nimehamia laptopu. Kigamboni wanabishana na mimi bado, wana sola wale, waache.

Simu je? Tulijaribu, simu ya mwinjilisti, waya mpaka kwenye TV. Akapigiwa katikati ya sala, mlio wote kwenye spika za kanisa. Sisemi ulikuwa wimbo gani.

Kuhusu bando, video ya 720p kwa wastani wa megabiti 2 kwa sekunde inakula kama MB 900 kwa saa, na kwenye TV ya inchi 43 watu wa benchi la tatu hawaoni tofauti na 1080. Kwa hiyo chagua 720 mwenyewe, usiache ijichagulie. Halafu kwenye setingi za Wi-Fi iambie Windows kwamba hii ni metered, yaani ya bando la kuhesabu, itaacha kujipakulia apdeti kubwa kwa sadaka za watu.

Kidogo kuhusu sauti maana hili lilinitesa wiki mbili. Chamazi kwaya inasikika kwa mbali kama iko kisimani, mchungaji akiongea HASIKIKI kabisa, midomo tu. Watu wanasema ni majaribu. Kumbe waya: jeki ndogo ya laptopu ina kulia na kushoto, fundi kaiunganisha kwenye jeki moja yenye pete mbili nyeusi akachomeka kwenye chaneli moja ya miksa, na miksa chaneli hiyo inapunguza upande mmoja kutoka kwenye mwingine, kama hesabu ya kutoa. Sauti ya mtu mmoja iko sawa pande zote mbili, ukitoa moja kwenye nyingine inabaki sifuri. Tukanunua waya wa Y wenye jeki mbili, chaneli mbili, kwisha. Na kama kuna mvumo mmmmm, chomoa chaja kwanza usikilize kabla hujamlaumu mtu wa spika.

Lakini aliyenifundisha kuchagua kompyuta ni mhazini wa mtaa wa Chanika, mama wa makamo ambaye ndo anatunza ufunguo wa ofisi. Nilimwekea kila kitu nikamwandikia na hatua za kufuata, ukurasa mzima. Akasoma, akakunja. "Mwanangu, mimi nataka kitu nikifunua kiongee." Shikamoo mama, nikakaa chini nikaanza upya. Sasa hivi laptopu haiulizi paswedi, ikiwaka inafungua Chrome yenyewe kwenye anwani ya chaneli yetu yenye /live mwishoni, hiyo inakupeleka moja kwa moja kwenye kinachorushwa muda huo. Hailali, na hata ukifunga mfuniko haizimi. Nimefuta kila kitu kingine, hata Word haipo, maana wangeanza kuchapia matangazo ya misiba humo.

Jumapili iliyopita saa nne kasoro simu ikaita, mama mhazini. Moyo ukafanya paa, nikajua imezima. "Mwanangu mko salama huko?" Tuko salama mama, kuna shida? Nasikia mahubiri nyuma yake, safi kabisa. Akashusha sauti, "Hapana. Nauliza tu, mchungaji anaumwa? Mbona amekonda hivi?"