Binti wa kaka yangu alivyopata shule ya bure ya masista

Naandika haya kwa sababu kuna mtu bado anapita vijijini huku Bagamoyo akisema nafasi za shule za bure za masista zinanunuliwa. Mimi alinichukulia elfu hamsini na kitu, akaiita hela ya fomu. Jamani, fomu haiuzwi. Ukiombwa hata nauli ya "kukufuatilia", huyo hajatumwa na masista.

Naishi Mlingotini, nalima mwani. Kaka yangu alipofariki aliniachia binti mmoja, na mama yake alikuwa ametangulia. Alipokaribia kumaliza darasa la saba watu wakanishangaa: unahangaika nini, dada, sekondari ya serikali si bure? Kweli, ada ilifutwa tangu 2016. Lakini kwangu ada siyo iliyokuwa mzigo. Mzigo ni sare, nauli ya kila siku, na mtoto kushinda na njaa mpaka saa kumi jioni. Wengine huwapangishia mabinti chumba karibu na shule. Mtoto wa miaka kumi na minne analala geto peke yake, na yanayowakuta nimeyaona kwa macho yangu. Nilitaka bweni, na bweni la kulipia sikuwa na pa kulishikia.

Habari za Masista wa Maria, shirika la Kikatoliki lenye shule za bweni za bure kwa watoto maskini, nilizipata kanisani. Makaratasi yanajulikana: cheti cha kuzaliwa, barua ya mtendaji, na mengine watakayokwambia. Ila angalieni majina. Shuleni binti aliandikishwa kwa jina la babu, cheti kina jina la baba. Kulinyoosha hilo kulinila siku tatu za bamvua, maji yanapokupwa mbali tukaweza kufika mashambani, na bamvua ikikupita mashamba yanangoja nyingine.

Kisha tukaambiwa masista watakuja kuona nyumba. Hapo ndipo niliposikiliza ushauri ambao nusura unikoseshe kila kitu. Jirani akaniambia masista hawachukui mtoto wa nyumba ya aibu. Tukaazima viti vinne vya plastiki, zulia, na kabati la vioo lenye chupa za chai na glasi zilizopangwa kwa saizi. Kabati lilibebwa na vijana wawili, likasimama kwenye ukuta wa udongo likimeremeta. Nikachinja na kuku.

Masista walikuja wawili. Wakaketi, wakauliza hili na lile, na mimi nikajibu kama mwenye kabati. Mmoja akaomba maji ya kunywa. Binti akanyanyuka upesi, akapita mbele ya glasi zote zile kama hazioni, akachukua kata yetu ya kifuu, akachota mtungini, akapiga goti, akampa. Sista akanywa yote. Akaangalia kabati, akaniangalia mimi, akashukuru. Orodha ya kwanza ilipotoka jina halikuwemo.

Usiku ule sikulala. Asubuhi nilichukua daftari langu la mwani nikaenda kwa masista bila kumwambia jirani. Daftari hilo anaandika mnunuzi kwa mkono wake kila akipima: tarehe, kilo, bei, jumla. Kurasa zimejikunja kwa chumvi, nyingine zimeshikana. Kilo 31 kwa mia saba, elfu ishirini na moja na mia saba. Halafu kuna kurasa mbili hazina kitu, ule msimu maji yalipopata joto na mwani ukaoza ukidondoka kwenye kamba. Nikamwambia Sista, kabati si langu, viti si vyangu, hiki ndicho changu. Alilisoma taratibu, ukurasa kwa ukurasa, kidole kikifuata jumla. Akauliza, "Na hizi kurasa tupu mlikula nini?" Nikamwambia.

Walirudi bila taarifa. Maji yalikuwa yamekupwa, wakanikuta baharini nafunga mbegu kwenye kamba na binti yuko kando yangu. Walitufuata hukohuko kwenye matope, viatu mkononi.

Siku ya usaili, tukisubiri, Sista mmoja alitusimulia shirika lao lilikotoka. Padre Aloysius Schwartz, Mmarekani, alifika Busan, Korea Kusini, mwaka 1957, nchi haijapona vita. Mwaka 1964 akaanzisha shirika la masista wa kulea watoto mafukara. Baadaye wakaenda Ufilipino. Mwaka 1989 aligundulika na ugonjwa unaoua misuli, na bado akaenda kuanzisha shule Meksiko. Alifariki 1992. Alitaka maskini wapewe kilicho bora, wasipewe mabaki, kwa hiyo watoto husoma masomo ya darasani na pia ufundi wa mikono. Nikaikumbuka Misheni yetu hapa, ambako tangu 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walilea na kufundisha watoto waliokombolewa utumwani. Bagamoyo si mahali pa kushangaa mtoto asiye na kitu akifundishwa kusoma na mtu aliyevuka bahari kwa ajili yake.

Orodha ya pili jina lilikuwemo. Bibi yake mzaa mama, Mwislamu wa Kaole, ndiye aliyemkatia kanga ya safari, akamwombea dua mlangoni na kumwambia asiache kunitumia salamu. Hakusita hata kidogo, na wale waliotaka kumtia maneno walinyamaza walipomwona anambebea begi mwenyewe hadi kituoni.

Kukaa miezi bila kumwona kuliniuma kuliko nilivyotarajia. Kwenye bamvua kamba ni nyingi kwa mikono miwili. Lakini anakula mara tatu, analala kitanda chake, na barua yake ya kwanza ilikuwa na hesabu ya ushonaji wa sketi, mita ngapi kwa wasichana wangapi.

Mtoto wa jirani yangu anamaliza darasa la saba mwaka huu. Nimemwambia mama yake aanze na jina kwenye cheti, na lile kabati alibakishe kwake.