Koti la Umeme na Gari la Chumvi

Nilipohamia Scotland nilidhani baridi naijua, maana nilisoma Lushoto miaka minne, na kule alfajiri za Julai tulikuwa tunaoga huku tunapiga kelele. Lakini baridi ya Lushoto inakukuta umesimama. Hii ya huku, ukiwa juu ya pikipiki, inakuja na mwendo wako: ukienda kasi nayo inakuja kasi, inapenya zipu, inapanda kwenye mikono ya koti mpaka kwapani.

Ndiyo maana mwaka wa tatu nikanunua koti la umeme. Mtumba, nililinunua kwa bwana mmoja aliyekuwa anahamia Hispania, na nikamwelewa. Ni koti jepesi, linavaliwa ndani ya lile la ngozi, na ndani ya bitana limeshonewa waya nyembamba. Linatoka mkia wa waya unaochomeka kwenye plagi iliyovutwa kutoka kwenye betri kupitia fyuzi ya ampea 15. Kwenye kifua kuna swichi ya kuongeza na kupunguza moto. Siku ya kwanza nililiwasha nikacheka peke yangu barabarani, ndani ya helmeti.

Hesabu nilipiga, nisije nikaonekana mjinga kabisa. Pikipiki yangu ilikuwa ya silinda moja, 650, ya kabureta, na kitabu chake kiliandika kwamba koili za chaji zinatoa wati 200. Taa ya mbele 55, ongeza taa ya nyuma, ya dashibodi na umeme wa plagi ya moto, tuseme 100 kwa jumla. Koti wati 77. Inabaki chenji ya wati 23. Kisha mke wangu akaninunulia glavu za umeme, wati 27. Nimezidisha wati nne tu, nikajiambia, nani atazihesabu? Hata hivyo nilifunga kimita kidogo cha volti karibu na mkono wa klachi, chenye tarakimu nyekundu, kwa sababu kaka yangu aliyeko Tanga, fundi umeme wa magari, alinisisitiza. "Usiendeshe kama kipofu, mdogo wangu. Ikisoma 14, cheka. Ikishuka chini ya 13, anza kufikiri."

Jumapili moja ya mwishoni mwa Novemba nilikwenda Fort William kumwona rafiki yangu wa Pangani, anafanya kazi kwenye mabwawa ya samaki aina ya salmon. Alipika wali wa nazi na huyo samaki wake, na mimi nikakaa mno. Nilipoondoka ilikuwa inakaribia saa kumi jioni na jua lilikuwa limeshazama. Mpaka Glasgow ni kama kilomita 170.

Hadi Glencoe mambo yalikuwa mazuri. Gia ya tano, injini inazunguka vizuri, koti kwenye moto wa mwisho, glavu nazo, kimita 13.6. Nilikuwa naimba. Barabara ikapanda kati ya ile milima, ikatoka juu kwenye Rannoch Moor. Mchana ni mahali ambapo watu wanasimamisha magari kupiga picha: mbuga ya majani ya kahawia na vidimbwi vyeusi, hakuna nyumba. Usiku ni shimo. Na mbele yangu kwenye lile shimo kulikuwa na taa ya njano inayozunguka.

Lilikuwa gari la chumvi. Huku malori yanapita kumwaga chumvi barabarani kabla barafu haijashika, na watu wanayapa majina ya utani, mengine ya kuchekesha kweli. Lile sikuliona jina. Niliona chumvi tu, inaruka na kugonga kioo cha helmeti kama mtu anakutupia mchele harusini. Kulipita gizani, kwenye kona zile, na lami inang'aa vile, sikutaka. Nikabaki nyuma yake, kwa mbali, mwendo wa kilomita hamsini na kitu, injini inanguruma chini chini, karibu raundi 2,500 kwa dakika.

Mara ya kwanza kutazama kimita kilisoma 12.9. Nikasema labda macho. Baadaye kidogo 12.6.

Betri za aina ile, ikiwa imejaa na imepumzika, husoma 12.7 hivi. Ukiwa unaendesha na kimita kinasoma chini ya hapo, maana yake injini haiichaji tena. Taa inawaka kwa betri, na wewe unapashwa moto kwa betri. Hilo nililijua. Nilichokifanya ni kupunguza moto wa koti hadi nusu, nikiona nimekuwa na busara. Basi tarakimu zikaanza kucheza: 12.3, 12.7, 12.3, 12.7. Ile swichi haipunguzi umeme, inaukata na kuurudisha, kila sekunde chache, na kila ukirudi kimita kinainama kama mtu anayebebeshwa gunia. Nilikuwa nikikitazama kuliko barabara.

Nilizima koti. Kusema kweli nilichelewa kuzima, na sababu ni aibu tu: nilikuwa nalisifia koti lile kwa kila mtu, hata kwa mwenyeji wangu mchana ule wakati anakuna nazi. Baridi ikaja mara moja, kama ilikuwa imesubiri mlangoni. Glavu nikaziacha, maana bila vidole huna breki. Taa ya mbele hata sikuifikiria kuizima, giza lile. Nikashusha gia hadi ya tatu ili injini izunguke zaidi kwa mwendo uleule. Ikapiga kelele, kimita kikapanda, 13.1, 13.2. Nikashukuru. Sikukumbuka kwamba kelele ile inanywa petroli. Nikiwa karibu na Bridge of Orchy injini ikaanza kukohoa, nikageuza koki kwenda riziva.

Sasa shida ikawa hii. Riziva isingenifikisha Glasgow. Kituo cha mafuta kipo Tyndrum. Kwenye kituo cha mafuta lazima uzime injini.

Nilifika Tyndrum nikasimama kwenye pampu nikiwa bado nimeshika mkono wa mafuta, injini inaunguruma, nikijaribu kufikiri. Sauti ikatoka kwenye spika juu yangu, ya kike, ya upole, ikaniomba nizime. Nikazima. Nikajaza. Nikalipa. Nikarudi, nikabonyeza stata.

Tik. Tik-tik-tik. Tarakimu nyekundu zikazimika kabisa, zikarudi hafifu: 11.8.

Nikaisukuma hadi pembeni, nikampigia kaka. Tanga ilikuwa inakaribia saa tatu usiku, nikasikia taarabu nyuma yake na mtu anacheka.

"Nisomee koti linakula ngapi."

"Wati 77, kaka."

"Glavu?"

"Ishirini na saba."

"Na koili zako zinatoa ngapi?"

"Mia mbili. Imeandikwa kwenye kitabu."

"Kwa raundi ngapi?"

Nikanyamaza. Nilikikumbuka kitabu, na ule mstari mdogo ulioko baada ya namba: kwa raundi 5,000 kwa dakika.

"Na wewe ulikuwa unakwenda na ngapi?"

"Elfu mbili na mia tano, hivi."

"Haya," akasema, na ile taarabu ikaendelea kidogo. "Mia mbili uliyokuwa unaihesabu haikuwepo, mdogo wangu. Injini ikizunguka polepole, koili inatoa kidogo. Wewe umepanga matumizi kwa mshahara wa mwisho wa mwezi, na leo ni tarehe kumi na tano. Tafuta mtu mwenye waya za kuchajia. Gari lake lizimwe injini, umesikia? Lizimwe. Na ikiwaka, usivae hilo dude lako."

Mtu alipatikana, mzee mmoja aliyekuwa anavuta trela la farasi, na waya alikuwa nazo chini ya kiti pamoja na kamba, nyundo na nusu mkate. Ikawaka kwa jaribio la pili. Nikaishikilia kwenye raundi 4,000, kila kitu kimezimwa isipokuwa taa, kimita kikapanda taratibu hadi 13.9. Mzee akaligusa koti langu, akauona ule mkia wa waya unaning'inia, akauliza ni wa nini. Nikamwambia. Akaingia dukani, akatoka na boksi tupu la viazi vya kukaanga vya pakiti, akalichana, akanipa upande mmoja. Hakuhitaji kunieleza. Alfajiri za Lushoto nimewaona bodaboda wengi wakiteremka Mombo na kipande cha boksi kifuani.

Nikalichomeka kati ya koti la umeme na koti la ngozi. Kilomita tisini zilizobaki nilikwenda kwa gia ya nne, nimejikunja, na upepo wa Loch Lomond ulipiga boksi likawa linalia kama ngoma mbovu. Lakini kifua kilikuwa kikavu na cha moto kiasi.

Mke wangu alinifungulia mlango, akaniona mdomo wa bluu. Akaanza kunivua yeye mwenyewe, maana vidole vyangu havikuwa vinakunjika tena. Koti la ngozi. Kisha akasita, akavuta kile kipande cha boksi, akakigeuza na kusoma kwa sauti: ladha ya jibini na kitunguu.

"Baba watoto," akasema, "si ulisema hili la umeme linatosha?"